Nani Anaujua Mlango Wako?

Binti yangu wa mwisho amehamia nyumba mpya ya kupanga, maji ndani, taa ndani, na bei yake si mbaya. Nilimuuliza binti, mwenye nyumba alitaka kujua nini kabla ya kumpa ufunguo. Akasema, "Atake kujua nini, mama? Alitaka kodi yake." Nikanyamaza, maana ningesema lililokuwa moyoni angeona nimeanza kuzeeka vibaya. Mimi nilijua nyumba ambayo mtu hakupewa chumba mpaka ajibu swali, na swali lenyewe halikuhusu kodi hata kidogo. Wiki hii nzima nimeitamani nyumba ile. Kuta zake zilisharudi kuwa udongo zamani, lakini hamu haijui hilo.

Ilikuwa Voi, miaka ya hamsini. Nilikuwa mke mpya, sijapata mtoto. Mume wangu alifanya kazi ya kugeuza njia za reli pale stesheni, nasi tulikaa landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli. Aliyekaa landhi anajua: chumba kimoja, dirisha la kupitisha kichwa, na amri kwamba atakayelala humo ni mfanyakazi, mkewe na watoto wake, basi. Kulikuwa na mkaguzi aliyepita asubuhi akichungulia ndani kuona kama kuna mkeka uliozidi. Mungu amrehemu, au asimrehemu, mimi sina neno. Kwa hiyo nyanya yangu, mama wa mama yangu, aliposhuka kutoka Werugha, kule milimani, na kikapu chake, nilimlaza kwetu kwa kujificha, roho juu juu, kisha nikaenda kumtafutia chumba Mtaa wa Wazee.

Hilo jina lilitolewa na watu wa landhi, na walilitamka kwa dharau. Mtaa ulikuwa nyuma ya soko, ukishuka kuelekea mtoni. Vyumba vya huko vilikuwa rahisi kuliko popote Voi, na mwenye macho aliona sababu. Mabati yalikuwa madebe ya mafuta yaliyopasuliwa na kunyooshwa, na jua likiwaka yalilia kama mahindi kwenye kikaango. Bomba lilikuwa mbali. Wakati wa kiangazi ndovu walivuka mto wakifuata harufu ya maji ya mitungini, na ukuta wa udongo si kitu mbele ya ndovu mwenye kiu. Vijana hawakutaka kukaa huko. Vijana walitaka landhi, au Mombasa. Waliobaki ni wale ambao kazi ilikuwa imemalizana nao: wakata mkonge ambao vidole vyao havikunjiki tena, wajane, wapishi wa mabwana waliokwisha kurudi kwao, na mzee mmoja wa kutoka ziwani aliyechochea moto wa gari la moshi ujana wake wote. Huyo kila treni ikipita alisimamisha mazungumzo, akasikiliza, kisha akatangaza ugonjwa wa injini. Ulikuwa mtaa wa kelele na wa kununa, wa watu waliogombania kivuli na kuazimana ugoro. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Mimi sikulala humo hata siku moja, nikazijua ila zake zote, na bado nautamani.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mama mmoja mjane, Mwislamu wa asili ya pwani, aliyezeekea Voi. Wapangaji walimwita Bi Mkubwa, nami nitamwita hivyo. Ukumbi ulipita katikati, vyumba huku na huku, na uani kila mtu alikuwa na mafiga yake. Tulipofika alikuwa kibarazani akichambua mchele. Hakuuliza nyanya anafanya kazi gani wala atalipa vipi. Alimtazama vizuri, akaweka ungo chini.

"Mama, siku ya siku tukupeleke wapi?"

Nilikasirika. Mtu amekuja kutafuta pa kuishi, wewe unamuuliza atazikwa wapi? Lakini nyanya hakuonekana kushangaa.

"Werugha," akasema.

"Na nani wa huko anaujua mlango wangu?"

Baadaye nilielezwa, na hasira ikaniisha. Zamani mpangaji mmoja alimfia mle ndani, mtu mpole asiyesema habari zake. Bi Mkubwa alizunguka stesheni na soko zima akiuliza nani anamjua, na hakuna aliyemjua, akazikwa na watu wa mji. Mwaka ukapita, wanawe wakafika wakilia, wakamwambia Bi Mkubwa amemtupa baba yao kama mbwa. "Mimi!" alikuwa akisema, akijigonga kifuani. "Mimi niliyemfunga taya!" Tangu siku hiyo akaweka sharti. Kila mpangaji sharti aje mtu wa kwao, mtu mwenye ardhi huko, afike mpaka chumbani, anywe maji ya mpangaji, aweke mkono kwenye fremu ya mlango na kusema mbele ya watu: "Mlango nimeujua." Siku akiitwa, hana udhuru. Kuna karani mmoja kijana aliyefuata urahisi wa vyumba vile, akaulizwa swali lile lile. Aligeuza baiskeli yake akaondoka bila kuaga. Ndiyo maana nyumba ile ilibaki ya wazee.

"Nitaujua mimi," nilimwambia Bi Mkubwa. "Mimi ni mjukuu wake."

"Mjukuu wa binti, tena umeolewa. Una shamba Werugha, mwanangu?"

Sikuwa nalo.

"Watakuja," nyanya akasema. "Wananifuata. Wako njiani."

Bi Mkubwa akampa chumba kwa ahadi hiyo, na sijui kama aliiamini.

Nyanya mwenyewe aliiamini kabisa, na hapo ndipo ilipo habari yangu yote. Babu alipofariki hakuacha mtoto wa kiume, mabinti tu, na mabinti walikuwa wameolewa. Matuta ya shamba, migomba na boma vikaangukia mikononi mwa mdogo wake, shemeji wa nyanya. Hakumfukuza. Alimwambia akae. Lakini wana wa shemeji walianza kulaza mbuzi katika nyumba yake, kwanza upande mmoja, kisha pande zote, na yule shemeji alitazama pembeni. Nyanya akakasirika. Kwetu mwanamke aliyeolewa akikasirika huchukua kikapu chake akaondoka mchana kweupe, kila mtu akimwona, na hiyo maana yake si kwamba amehama. Maana yake nifuateni. Wenye mji humwacha apoe, kisha huja na mbuzi na pombe ya miwa na maneno mazuri, wakamrudisha kwa heshima. Ndivyo alivyoondoka nyanya yangu. Kosa lake ni kwamba alisahau kuwa wa kumfuata alikuwa mumewe, na mumewe alikuwa kaburini. Aliwaachia mlango wazi wa kumfuata, nao wakaingiza mbuzi.

Akakaa Mtaa wa Wazee akingoja kufuatwa. Joto la Voi alilichukia. "Hapa Mungu ameepua chungu akasahau kuzima moto," alisema. Siku za soko lori la mboga lilishuka kutoka milimani, kabichi na karoti na viazi vya kupakiwa treni ya Mombasa, na watu wameketi juu ya magunia. Nyanya alikwenda kusimama kwenye kivuli cha ghala. Watu walishuka mmoja mmoja, na yeye akiwatazama miguuni kwanza, maana alisema mtu wa kwao atamjua kwa udongo wa miguuni. Hakuna aliyekuja kwa ajili yake. Basi alisogea kwenye magunia, akatia mkono kati ya majani ya kabichi yaliyokuwa na ubaridi bado, akaushikilia humo. "Hizi zimekatwa na ukungu," aliniambia. Kisha tulirudi polepole na mkono wake ukinuka kabichi. Bi Mkubwa akimwona anakuja peke yake hakuuliza kitu, naye nyanya alijibu vilevile: "Kawia ufike."

Mvua zikaja zikaenda. Wapangaji wengine walijuliwa milango yao na nyanya alikuwa mstari wa mbele kushangilia. Mama mmoja Mkamba, msusi wa vyondo, vile vikapu vya kamba, alifuatwa na mwanawe kutoka Mtito, na nyanya ndiye aliyemchotea mgeni maji. Nilimwona akitazama ule mkono kwenye fremu. Nilimwonea uchungu mpaka nikamchukia yule kijana bure, mtu wa watu.

Siku moja magoti yalikataa, akanituma mimi kwenye lori. Nikasimama pale ghalani kwa niaba yake. Na juu ya magunia, akishikwa mkono ili ashuke, nikamwona shemeji yake. Alikuwa amezeeka sana. Kwapani alikuwa na mkeka uliokunjwa, na mkononi sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Mtu mwingine angevitazama vitu vile akaelewa mara moja. Mimi niliona zawadi. Mbuzi sikumwona, nikajiambia labda amemwacha kwa mtu.

"Babu, umekuja," nikamwambia.

"Nimekuja, mama," akasema. Akauliza kama nyanya angali hai na anakaa wapi. Nikamwelekeza nyumba yenye kibaraza chekundu, nikamtangulia mbio, mimi mke wa mtu, leso inaanguka.

"Wamekuja," niliwaambia pale uani. "Wamemfuata."

Ungeona wale wazee. Msusi wa vyondo alifagia. Mchochea moto alivaa koti la reli katika joto lile. Bi Mkubwa alitoa kiti chake mwenyewe. Nyanya alioga, akafunga leso mpya ambayo sikujua anayo, akaosha kikombe chake cha bati na kukijaza maji, kisha akaketi mlangoni mwake, mgongo umenyooka, uso umekunjwa kidogo kama inavyompasa mtu aliyekasirishwa. Naukumbuka uso ule. Alikuwa akijizuia kutabasamu.

Mzee akaingia. Wakasalimiana Kidawida, salamu ndefu za nyumbani. Akapewa kikombe, akanywa maji yote, kwa kuwa alikuwa na kiu. Bi Mkubwa akakohoa, akaanza maneno yake.

"Karibu, baba. Huyu ndiye wako?"

"Ni mke wa kaka yangu."

"Na mlango wake ndio huu. Basi mbele ya watu hawa..."

"Bi Mkubwa, niwie radhi," mzee akamkata. Aliutazama mkeka wake. "Mimi natafuta chumba. Kwenye lori wanasema vya kwako ni rahisi."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Treni ya mizigo ikapita, na mchochea moto hakuisikiliza.

Mzee akaona lazima aeleze, akaeleza bila kumtazama mtu. Mkewe alikuwa amekufa. Kijana wake mdogo ameoa na anahitaji nyumba. Yeye akaambiwa ahamie jikoni kwanza, na jikoni nako pakaonekana panafaa kwa kitu kingine. "Wale mbuzi waliolala kwako, shemeji," akasema, "sasa wanalala kwangu."

Nyanya angecheka, nani angemlaumu? Mimi nilikuwa na maneno tayari kinywani, tena makali, na mpaka leo nashukuru sikuyasema. Aliinuka akishikilia ukuta, akaingia chumbani, akarudisha mlango.

Bi Mkubwa hakuwa mtu wa kuvunja sharti lake. "Baba," akasema kwa upole, "siku ya siku tukupeleke wapi?"

Mzee aliitua sufuria yake chini.

"Nani wa kwenu atakuja kuujua mlango?"

Akabaki kuushika mkeka wake. Mtu aliyekuwa na matuta upande mzima wa mlima, sasa hana jibu la kumpa mwenye chumba cha udongo. Nilijaribu kufurahi, nikashindwa.

Mlango ukafunguka. Nyanya alikuwa amenawa uso. Hakumtazama shemeji yake, alimtazama Bi Mkubwa.

"Mpe kile cha jua la jioni," akasema.

Kile kilikuwa chumba cha mwisho, cha magharibi, na joto lake lilikuwa limewashinda wapangaji wawili. Hata katika huruma yake nyanya yangu alikuwa na kisasi kidogo, na nampenda kwa hilo. Akauvuka ukumbi polepole mpaka kwenye kile chumba, akaweka mkono kwenye fremu. "Mlango nimeujua," akasema. Kisha akamgeukia mzee. "Haya. Na wewe ujue wangu."

Mzee akaja akaweka mkono kwenye fremu ya nyanya, na sauti yake ilikuwa ndogo. Kwa sharti la Bi Mkubwa mambo yale hayakuwa halali. Mmoja alikuwa ameondoka, mwingine ameondolewa, na hakuna mwenye ardhi kati yao. Bi Mkubwa aliwatazama wote wawili, akaguna, akaenda kutafuta kufuli.

Sasa nikisema natamani nyumba ile, ninachotamani hasa ni jioni zilizofuata. Waliketi uani, yeye huku, yeye kule, maana kukaa karibu hawakuweza. Nyanya alimuuliza habari za juu. Ukungu bado unashuka kabla ya ng'ombe kukamuliwa? Unashuka. Kijito cha chini ya migomba kinapita? Kinapita, lakini kimesogea. Hakiwezi kusogea, wewe umesahau. Shemeji, kimesogea. Wakabishana juu ya kijito mpaka wapangaji wote wakakijua, hata mchochea moto wa ziwani akawa na upande wake. Nilikuwa naondoka landhi nikiacha sufuria motoni ili niwasikilize tu. Neno la mbuzi halikurudiwa tena, na la kufuatwa halikurudiwa. Nilidhani nyanya amelisahau. Siku moja nikimpaka mafuta ya magoti aliniambia, "Nataka kurudi, mama. Nataka kurudi mpaka meno yananiuma." Akasema hivyo bila kulia, nami ndiye niliyelia.

Alikufa kiangazi, asubuhi, akingoja chai ipoe. Mume wangu na watu wa stesheni wakachonga jeneza, na mwenye lori la mboga akakubali kulipeleka alipokuwa akipanda milimani bila mzigo. Nilikuwa nalia kwa msiba na kwa hofu pia, kwa sababu sikujua tutapokewaje. Mzee alipanda lori akiwa amevaa koti la reli la kuazima. Alisimama njia nzima ameshika ubao wa jeneza, kona baada ya kona, na alipoambiwa aketi alikataa.

Wanawe walikuwa wamesimama njiani, mikono kifuani. "Huyu aliondoka mwenyewe," mkubwa wao akasema.

"Aliondoka kwa hasira," mzee akamjibu, bado yuko juu ya lori. "Mwenye hasira hufuatwa. Nilikwenda kumfuata mimi. Nimekaa naye huko nikimbembeleza mpaka akakubali, na sasa nimemrudisha. Nimechelewa, lakini nimemrudisha kwa mumewe. Chimbeni."

Mimi niliijua habari ya mkeka na sufuria. Niliinamisha kichwa. Huenda alisema uongo. Nimelifikiria kwa miaka mingi, na kila nikilifikiria linazidi kuonekana kweli.

Wakachimba. Aliwekwa kando ya babu, chini ya migomba, mwalimu wa kanisa akaomba, na kabla ya udongo kujaa ukungu ukashuka ukatufunika sote. Nilisikia kijito. Kilikuwa kimesogea kweli. Nilitamani sana arudi dakika moja tu amwambie tena shemeji yake, hata akiwa anakisikia, kwamba anasema uongo.

Wana wake waliona haya, wakamwambia mzee abaki, watawatoa wale mbuzi nyumbani mwake. Aliwashukuru. "Nina chumba," akasema, akapanda lori pamoja nami, juu ya kabichi.

Tulifika Voi jua likishuka. Wapangaji walitupokea kwa vilio, kisha wakaachana mmoja mmoja kwenda kwenye mafiga yao. Chumba cha nyanya kilikuwa kimefungwa. Mzee alikuwa akihangaika na kufuli lake Bi Mkubwa aliposogea, leso mabegani, macho mekundu. Alimpa pole tena. Akasita. Alikuwa analichukia lile alilotaka kusema, lakini nyumba ilikuwa yake na wafu walikuwa wake pia.

"Baba, aliyeujua mlango wako amekwenda. Sasa nani?"

Mzee aliendelea kuzungusha ufunguo ingawa kufuli lilikuwa limekwisha kufunguka.

"Mimi," nikasema.

"Huna shamba huko, mwanangu. Utampeleka wapi?"

"Shamba sina," nikamwambia. "Miguu ninayo."

Nikaweka mkono kwenye fremu. Jua la jioni lilikuwa bado juu yake, ilikuwa ya moto. Nikasema maneno kama yanavyosemwa, na nikasikia wazee kule uani wakinyamaza ili wayasikie.